Aliyesahihisha Mara Mbili

Shuleni kwetu hakuna aliyemwita kwa jina. Wanafunzi walimwita Madam Taaluma, sisi walimu tulimwita Mtaaluma, na mama aliyetuuzia chai na maandazi nyuma ya ofisi alimwita Bosi, ingawa bosi wetu alikuwa mwingine: mkuu wa shule, mwanamume mpole aliyependa amani kuliko kitu chochote. Kwa asiyezijua shule zetu za sekondari, mwalimu wa taaluma ndiye anayepanga vipindi, anayekusanya mitihani na kutunza alama za kila mtoto. Mkuu wa shule husaini. Mtaaluma ndiye anayejua.

Nilifanya naye kazi miaka tisa, katika shule ya kata upande wa Chamazi, kule ambako nyumba zilikuwa zikiota haraka kuliko madarasa. Alikotokea sikujui vizuri. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya bara, na Jumapili aliimba kwaya. Zaidi ya hapo hakusema, nami sikuuliza. Haya ninayoyaeleza ni yale niliyoyaona, na machache niliyosimuliwa na watu waliokuwapo.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye kutembea kama mtu aliyechelewa hata siku aliyowahi. Viatu vyake vilikuwa na soli ya mpira isiyotoa sauti, na wanafunzi waliviita sailenti, kwa sababu ulishtukia tu keshafika mlangoni. Serikali ilipotugawia vishikwambi alikipokea chake kwa adabu, akakijaza alama kama alivyoagizwa, kisha akaziandika alama zilezile kwa mkono kwenye kaunta buku lenye jalada jekundu. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema, "Kile kinafuta bila kuacha kovu. Mie nataka kuona nilipokosea."

Kitu kimoja kila mwalimu mgeni alikijua ndani ya wiki mbili. Akikuita "mwalimu", ujue amefurahi. Akikuita "mwanangu", kaa vizuri.

Mimi aliniita mwanangu siku ya nne. Nilikuwa nimetoka chuoni, nina shahada yangu na gauni langu jipya la kitenge, nikamkabidhi jaribio la Historia nililolitunga kwa siku mbili. Akalisoma amesimama, akanirudishia.

"Mwanangu, hili swali la tatu linataka nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri kabisa, kwa mifano, labda dakika tano.

"Umeeleza vizuri. Sasa hayo uliyoniambia mbona kwenye swali hayamo?"

Nikalitunga upya mara tatu. Mara ya tatu alitia tiki ndogo pembeni, akaendelea na kazi yake. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na mpaka leo sijawahi tena kutunga swali bila kulisoma kwa sauti kwanza.

Hakuwa na fimbo. Hili liliwashangaza wazazi, kwa sababu mtu aliyeogopwa namna ile walidhani lazima anachapa. Adhabu yake ilikuwa kukurudishia kazi. Ukikosea, unarudia. Ukirudia ovyo, unarudia tena, mbele yake, mezani kwake, huku yeye akimenya chungwa. Kuna mwanafunzi aliniambia heri viboko, kwa sababu viboko vinaisha.

Na bado mambo yake mengine hayakukaa pamoja. Alichukia kukremu, akisema mtoto anayekremu anabeba mzigo asioujua. Lakini kila Jumatatu alibandika maneno kumi ya Kiingereza, na Ijumaa alisimama getini akimuuliza mmojammoja maana yake kabla hajatoka kwenda nyumbani. Alipiga marufuku kelele maktaba, kisha ufunguo wa maktaba akawaachia Kidato cha Pili C, darasa lililovunja vioo vingi kuliko yote. Mkuu wa shule alipolalamika, akamjibu, "Mwenye ufunguo hana haja ya kupita dirishani." Vitabu havikupotea. Niseme ukweli, vilipotea viwili, na alivilipia yeye.

Alama hakuongeza. Alikuja diwani mmoja kumwombea mpwa wake, akapewa kiti, akapewa chai, akaonyeshwa karatasi ya mpwa wake ukurasa kwa ukurasa mpaka akaaga mwenyewe. Walikuja walimu wenzake pia. Kwake thelathini ilikuwa thelathini, na ishirini na tisa ilikuwa ishirini na tisa.

Kwa nini alisahihisha kila karatasi mara mbili, kwanza kwa penseli, kisha siku nyingine kwa kalamu nyekundu, nilikuja kuelezwa na katibu muhtasi wa shule, dada aliyekuwa pale kabla yetu wote. Miaka kadhaa kabla sijafika, binti mmoja wa Kidato cha Tatu alipata wastani wa ishirini na tisa katika mtihani wa mwisho wa mwaka. Kanuni ya shule ilisema aliye chini ya thelathini anakariri darasa. Baba yake, fundi seremala wa Kivule, alikuja kuomba. Mtaaluma akakataa, kwa upole lakini akakataa. Binti akabaki Kidato cha Tatu, wenzake wakapanda.

Mwezi wa tatu, akipanga makaratasi ya zamani kabatini, Mtaaluma aliikuta karatasi ya baiolojia ya yule binti. Akaijumlisha tena, kwa mazoea tu. Kulikuwa na ukurasa mzima aliousahihisha na hakuujumlisha. Binti alikuwa amefaulu.

"Hakumwambia mtu," katibu muhtasi aliniambia. "Alichukua karatasi, Jumamosi akaenda mpaka kwao. Mie nilijua kwa sababu mama wa yule mtoto ni shoga yangu."

Alifika uani, akasalimia, akakataa kukaa. Akawaambia wazazi, "Nimekuja kuomba radhi. Mtoto wenu hakufeli. Aliyefeli ni mimi, nilishindwa kujumlisha." Baba akasema yameisha, Madam, karibu kiti. Mama akasema mtoto amesikia. Mtaaluma akabaki amesimama.

"Nataka anijibu yeye. Niliyemkosea ni yeye."

Binti alikuwa ameinamia ndoo ya vyombo. Mtoto wa kwetu hajui amjibu vipi mwalimu anayemwomba msamaha, kwa sababu hajawahi kuliona jambo hilo. Mwisho akasema taratibu, "Nimesamehe, mwalimu. Jumatatu narudi darasani kwetu?"

"Unarudi. Na hiyo miezi miwili uliyoikosa nitakufundisha mimi, mchana, mpaka uwafikie wenzako."

Akamfundisha. Tangu mwaka ule kila karatasi aliisahihisha mara mbili, hata iwe jaribio la maswali matano. Niliposikia habari hii nilianza kumwangalia kwa jicho jingine, ingawa bado nilimwogopa.

Nilikorofishana naye hasa mwaka wangu wa pili, nilipopewa Historia ya Kidato cha Tatu B. Walikuwa watoto sitini na nane. Historia tunaifundisha kwa Kiingereza, na ilikuwa kama nafundisha makabati. Ninauliza, wananitazama. Naandika ubaoni, wanaandika. Nafuta, wanageuza ukurasa. Walikuwa na adabu, daftari zao safi, na hapakuwa na lolote linaloingia.

Siku moja tulikuwa kwenye kodi za wakoloni, na namna watu walivyotoka mashambani mwao wakaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Nikachoka. Nikaweka chaki chini nikasema, leo tuzungumze Kiswahili. Kwa nini walikwenda? Kwa nini hawakubaki kwao wakalima mihogo yao?

Kisha nyuma kabisa akasimama binti aliyeitwa Zuhura. Mama yake alikuwa akiuza supu ya utumbo, na utumbo wenyewe aliufuata machinjioni Vingunguti. Sikuwahi kumsikia Zuhura akisema zaidi ya "present" wakati wa kuita majina.

"Mwalimu, kwani mama yangu anapenda kwenda Vingunguti alfajiri yote ile? Anaenda kwa sababu mwenye nyumba anataka hela. Ukimpelekea mihogo hapokei. Hata hao wazee wa zamani, mkoloni hakuwashika mkono kuwapeleka shambani kwake. Alisema tu kodi ilipwe kwa hela, na hela alikuwa nayo yeye."

Darasa likalipuka. Mmoja akasema wangekataa kulipa wote kwa pamoja. Mwingine akasema babu yake aliwahi kumsimulia watu waliokimbilia porini. Watu walisimama juu ya madawati. Mimi nilikuwa naandika ubaoni wanayosema, nimefurahi kuliko siku yoyote tangu niajiriwe, nilipogeuka nikamwona Mtaaluma dirishani. Sijui alikuwa hapo kwa muda gani.

Mchana akaniita mezani kwake.

"Mwanangu, kaa. Kile kilikuwa kipindi au mkutano?"

"Kilikuwa kipindi, mama."

"Mtihani wao wa taifa utakuwa kwa lugha gani?"

"Kiingereza."

"Basi niambie, leo umefundisha nini ambacho msahihishaji atakiona?"

Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi. Sijui ujasiri ulitoka wapi. "Na wakinyamaza kwa Kiingereza, mama, msahihishaji anaona nini?"

Walimu wawili waliokuwa wakisahihisha madaftari waliinamisha vichwa. Mtaaluma akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa tena.

"Yule binti anaitwa nani?"

"Zuhura."

"Yuko hapa mwaka wa tatu huu. Leo ndiyo nimesikia sauti yake." Akafunga kaunta buku lake. "Fundisha unavyotaka. Sitakuja tena dirishani. Lakini mwisho wa muhula watafanya pepa ileile ya mkondo A, siku ileile, na nitawasahihisha mimi."

Nikakubali kwa furaha. Nilijiona nimeshinda.

Muhula mzima tulijadiliana. Watoto wa mkondo B walianza kuwahi vipindi vyangu. Zuhura akawa mtu wa kunyoosha mkono kabla sijamaliza kuuliza. Na pepa ilipokuja, mkondo A wakatupita mbali. Zaidi ya nusu ya darasa langu walifeli. Zuhura alipata ishirini na nne.

Nilikaa na yale matokeo mpaka walimu wenzangu wakaondoka. Nilihisi nimewachezea watoto wa watu, nimewapa raha ya muhula mmoja na nimewaachia sifuri. Siku iliyofuata Mtaaluma akaniita. Nilijua anachotaka kusema, nikaenda nimeshajibu moyoni.

Alikuwa ametandaza karatasi meza nzima. Akaweka kidole juu ya ya Zuhura. "Soma hapa."

Nikasoma. Kwa Kiingereza kilichovunjikavunjika, bila nukta, Zuhura alikuwa ameandika kwamba mkoloni alidai kodi kwa hela ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa nayo. Sentensi moja na nusu, kisha akaishia katikati, kama mtu aliyeishiwa pumzi.

"Mkondo A," Mtaaluma akasema, "watoto arobaini wameandika sentensi moja ileile, waliyoinakili ubaoni. Nimewapa alama zao kwa sababu ni sahihi. Huyu nimempa mbili, kwa sababu hakupanga hoja wala hakumaliza. Na katika karatasi zote hizi ni yeye peke yake aliyeniambia jambo alilolifikiri mwenyewe."

"Sasa si umwongezee, mama?"

"Nikimwongezea nitakuwa nimemdanganya. Atatoka hapa na alama yangu mkononi, halafu ataingia kwenye mtihani na Kiingereza chake."

"Kwa hiyo nirudi kunakilisha."

"Nimesema hivyo?" Kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika kweli. "Unadhani mie napenda yale makaratasi ya mkondo A? Nimeyasoma mara mbili, mwalimu. Mara mbili yote. Watoto wako wana la kusema na hawana cha kulisemea. Wale wana cha kulisemea na hawana la kusema. Kazi yetu iko hapo katikati, na wewe umefanya nusu. Tufanye na nusu iliyobaki."

Sikulitambua mpaka niko nyumbani: katikati ya hasira ile alikuwa ameniita mwalimu.

Tukapanga kipindi cha Alhamisi mchana, cha muda wa saa nzima. Nusu ya kwanza watoto wanabishana kwa Kiswahili watakavyo, kuhusu mada watakayoichagua wao. Nusu ya pili kila mmoja anachukua hoja yake mwenyewe, ile aliyoipigania kwa mdomo wake, anaiandika kwa Kiingereza, sentensi tatu, kisha tano, kisha ukurasa. Mtaaluma alikuja mwenyewe, akaketi dawati la nyuma na maneno yake kumi. Mlangoni kulikuwa na kibao cha kukataza Kiswahili maeneo ya darasani, kibao alichokipaka rangi yeye mwaka ambao agizo lile lilikuja. Kila Alhamisi alikibandua, akakigeuzia ukutani, na kipindi kikiisha akakirudisha. Nikamwambia, mama, si ukiache tu hivyo. Akasema sheria ni sheria. Mpaka leo sijaelewa alikuwa anaitii au anaivunja.

Msidhani tulikuwa marafiki. Tulizozana karibu kila wiki. Aliwahi kumliza mwalimu mgeni wa Jiografia mbele ya watu kwa sababu ya ramani isiyo na kipimo, na nilipomwambia ameumiza mtu, alishangaa kwa dhati, kwa kuwa yeye alidhani anazungumzia ramani. Kumsifu mtu kulimshinda kama kuimba kunavyowashinda wengine.

Lile darasa likafika Kidato cha Nne. Mwanzoni mwa mwaka shule yetu ilikuwa mkiani katika shule za jirani, na maneno yakaanza kutoka juu. Mkuu wa shule aliitwa vikao viwili, akarudi kila mara amepungua. Siku moja akatuita walimu wote, akasoma kutoka kwenye karatasi bila kuinua macho. Kwanza, kipindi cha Alhamisi kifutwe, mahali pake pawe na jaribio la kila wiki. Pili, kulikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja ambao alama zao ni za chini mno. Wazazi wao waitwe washauriwe kuwatoa shuleni, wakafanye mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea, ili wasishushe wastani.

Orodha ikapita mkono kwa mkono. Ilikuwa imetolewa kwenye alama za Mtaaluma mwenyewe. Zuhura alikuwemo. Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka sana na Historia ilipanda, lakini masomo mengine yalikuwa bado yamelala.

Tukamtazama Mtaaluma. Wengi walidhani ataunga mkono. Mtu asiyeongeza hata alama moja, atawateteaje waliofeli? Akasimama, akashika ukingo wa meza.

"Mkuu, alama hizi ni zangu, na ni sahihi. Sizibadilishi. Lakini nilizitoa ili tujue nani afundishwe zaidi. Sikuzitoa ili tujue nani aondoke."

"Mtaaluma, mie naulizwa wastani," mkuu akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba msaada.

"Najua unaulizwa. Tukiwatoa hawa wastani utapanda kesho asubuhi, na hakuna mtoto hata mmoja atakayekuwa amejua kitu ambacho leo hakijui. Sasa tutakuwa tumepandisha nini?"

Mwalimu wa Hisabati, ambaye hakuwahi kukipenda kipindi chetu, akauliza, "Na Alhamisi?"

"Jaribio la kila wiki nalitaka hata mimi. Chukueni kipindi changu cha baiolojia cha Ijumaa, wafanyie hapo. Alhamisi ibaki. Ndiyo saa pekee katika wiki nzima ambayo watoto hawa wanajisikia wenyewe wakifikiri."

Baada ya wiki mbili akapewa barua. Ilikuwa fupi. Kazi ya taaluma alipewa mwalimu mwingine, naye akabaki mwalimu wa baiolojia wa kawaida. Alikabidhi funguo, makabati na kaunta buku zote, akahamia meza ya karibu na mlango, ile wanayokaa walimu wageni. Alipobaki peke yake nikamfuata.

"Mama, haya mimi ndiye niliyekuletea."

"Usijipe ukubwa, mwanangu." Kisha akaangalia nje, kwenye uwanja ambako Kidato cha Kwanza walikuwa wakifagia. "Inauma. Nisiseme haiumi. Miaka yote ile nilijua nikifika asubuhi nafungua kabati gani."

Lakini mkuu wa shule hakuwaita wazazi. Nadhani hakuweza, baada ya yale maneno kusemwa mbele ya watu wote. Orodha ikakaa kwenye droo yake, siku zikapita, usajili wa mtihani ukafungwa na wale thelathini na mmoja wamo. Mtaaluma aliwakusanya kila mchana baada ya vipindi, maabara. Mimi nilichukua Historia na Kiswahili, yule mwalimu wa Jiografia aliyelizwa akaja mwenyewe bila kuitwa. Hata mwalimu wa Hisabati alianza kupitapita, mwisho akaingia.

Matokeo tulisoma kwenye simu, walimu watano tumeinamia kioo kimoja. Zaidi ya nusu ya wale thelathini na mmoja walifaulu. Wengine hawakufaulu, na sitaki kuwaficha. Mmoja wao alikuwa mtoto niliyempenda sana. Wastani wa shule haukuanguka. Ulisogea juu kidogo. Zuhura alipata C ya Historia, na baadaye akapata nafasi chuo cha ualimu. Tulipomtafuta Mtaaluma tumwambie, tulimkuta darasani, Kidato cha Kwanza, anachora moyo wa binadamu ubaoni. Akasikiliza, akasema, "Na waliofeli ni akina nani? Nipeni majina." Akageuka kumalizia mshipa.

Wiki hiyo mama yake Zuhura alikuja shuleni na sufuria la supu. Akasimama mlangoni mwa ofisi, akauliza, "Yule mwalimu aliyekataa ni yupi?" Mkuu wa shule alikuwa palepale na bakuli lake mkononi. Akalisikia swali hilo.

Muhula uliofuata, mstarini, mbele ya wanafunzi wote, mkuu alisema kwa sauti yake ndogo, "Mwaka jana nilikosea kuhusu wenzenu. Na nilimwacha mwalimu mmoja alipe kosa langu." Akamrudishia taaluma. Nimewaona wakuu wengi tangu siku ile, na sijamwona mwingine aliyefanya hivyo.

Mtaaluma aliikubali kwa sharti moja. Miaka yote alikuwa akibandika orodha ya matokeo ubaoni, wa kwanza mpaka wa mwisho, majina wazi. Akaacha. Kila mtoto akawa anaitwa, anapewa karatasi yake, anaelezwa. Ilimchukua siku nane badala ya moja. "Nimeona orodha yangu inavyoweza kutumika," aliniambia, na hakulizungumzia tena.

Alistaafu mwaka niliohamishwa kwenda shule moja Kinondoni, ambako nami sasa ndiye mtaaluma. Tulipigiana simu sikukuu, basi. Mwaka huu nilikwenda Gongo la Mboto msibani, na wakati wa kutoka nikamwona kwenye kibanda cha fundi cherehani kando ya barabara. Alikuwa ameketi kwenye cherehani, tepu imening'inia shingoni. Nilidhani amefungua biashara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ngoja nimalize hapa, nikinyanyua mguu uzi unakatika."

Alikuwa mwanafunzi. Fundi mwenyewe alikuwa dada wa miaka ishirini na kitu, ana kucha ndefu za bluu. Akaja, akaangalia mshono, akasema bila kupepesa macho, "Bibi, umepinda. Fumua." Mtaaluma akachukua kiwembe akafumua. Fundi akarudi kwenye simu yake.

"Huchoki kuambiwa ufumue?" nikamuuliza.

"Nachoka sana. Juzi nilitaka kumtupia mkasi." Akanionyesha sketi iliyokunjwa kwenye mfuko. Ilikuwa ya rangi ya machungwa, ina mifuko minne, miwili mbele na miwili nyuma, mmoja mkubwa kuliko mingine. "Lakini mtindo ananiacha nichague mwenyewe. Hii nimeivaa kanisani. Wamenicheka kwaya nzima." Naye akacheka, mabega yakitikisika, kicheko ambacho katika miaka tisa sikuwahi kukisikia.

Tukanywa soda tumekaa kwenye benchi la fundi. Akaniuliza habari za shule. Nikamwambia mambo ni yaleyale: majaribio kila wiki, ripoti kila wiki, walimu wamechoka, watoto wamechoka, na mimi ndiye ninayewasukuma, kwa sababu wasipopimwa tunawaacha gizani. Alitikisa kichwa kukubali.

"Na saa za watoto kusema ya kwao?"

"Zipo, mama. Nimezipigania. Nimepata mbili kwa wiki."

Nilijua ni nyingi. Shule za jirani hazina hata moja. Nilikuwa nikingoja, kwa umri wangu huu, aseme nimefanya vizuri.

Alinywa funda la mwisho, akaweka chupa chini, akavuta kitambaa chake karibu.

"Mbili chache, mwalimu," akasema, akaanza kukanyaga cherehani.

Jumatatu niliwahi kazini kabla ya wengine, nikaitandaza ratiba mezani, nikatafuta pa kuiweka ya tatu.